Ngoma ya Siku ya Mazishi

Ng'washi na mama yake walijua kwamba shamba lao limeuzwa siku Mwandu alipofika na maksai wake, akaanza kulima kuanzia kwenye ua wa minyaa wa mpakani. Ilikuwa Jumamosi, mvua za kwanza zimenyesha. Ng'washi alikuwa ametoka mjini Bariadi, anakofundisha watoto wa chekechea, na hakuwa amevua hata viatu vya safari. Alisikia mjeledi, akatoka nje, akamwona rafiki wa marehemu baba yake akitembea nyuma ya plau kwa mwendo wa mtu aliye kwake.

"Shikamoo, baba Mwandu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Wazazi wa watoto anaowafundisha huinama kidogo wanapozungumza naye.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mama yako yupo? Mwambie aanze kufungasha. Nyumba nawaachia mpaka mwezi uishe. Mimi si mtu mbaya."

"Kufungasha tuende wapi?"

"Kwani hamkusikia? Mahakama imeuza, nimenunua mimi." Alitoa mfukoni karatasi yenye muhuri, akaipunga kama anayefukuza nzi, akairudisha. "Tangazo lilitolewa hapa hapa shambani. Mwenye masikio alisikia."

Deni lilikuwa la kweli. Paschal, baba yake Ng'washi, alikopa kwa Mwandu fedha za mbegu na dawa ya pamba, mwaka ambao mvua zilikatika pamba ikiwa bado na maua. Mwandu alimshitaki. Mahakama ikaamuru Paschal alipe, naye akawa analipa kidogo kidogo kila msimu, hadi kifua kilipomlaza na mwishowe kikamchukua. Walimzika mbele ya nyumba. Mwandu alikuja mazishini, akashika jembe akafukia, akala na wenzake. Baadaye akarudi mahakamani peke yake kuomba shamba lipigwe mnada, na huko hakusema kwamba mdaiwa amekufa.

Maksai walifika kwenye kaburi. Lilikuwa bado tuta tu la udongo lililozungushiwa mawe. Mama yake Ng'washi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaishika nira.

"Mwandu, hapo amelala mwenzako."

"Namwona, shemeji. Nitazunguka."

Alizunguka kweli, lakini alizunguka kwa ubahili. Plau ilikata upande wa miguu, mawe yakapinduka, udongo wa kaburi ukachanganyika na udongo wa shamba. Mama aliachia nira akakaa chini. Ng'washi alikuwa mtoto ambaye hukimbilia nyuma ya ghala kila mbuzi anapochinjwa, na hata alipokuwa mkubwa alikuwa hivyo hivyo. Siku hiyo hakukimbia. Alisimama akatazama mpaka plau ikapita, kisha akaenda kuyarudisha mawe moja moja, na mikono yake haikutetemeka. Mama alisema baadaye kwamba mikono ile ilimtisha kuliko plau.

Mwezi ulipoisha vijana wa kazi wa Mwandu waliweka vyombo nje. Mama na binti wakahamia chumba cha kupanga mjini. Kila alfajiri mama aliamka akafagia uwanja usio wake, wapangaji wenzake wakimtazama madirishani.

Ofisi ya msaada wa kisheria aliyokwenda Ng'washi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Aliyekuwa anahudumia ni kijana mwenye miwani aitwaye Constantine. Alikwenda mahakamani kulisoma jalada, akarudi amefurahi kama mtu aliyekuta kuku amehatamia mahali asipotarajia.

"Dada, mnada huu ni gunia lililooza kitako," alisema. "Moja, wamekaza hukumu, yaani wameitekeleza, juu ya marehemu kana kwamba yu hai. Warithi hamkupewa taarifa hata ya mdomo. Mbili, aliyeomba mali iuzwe hawezi kuinunua yeye mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mahakama. Mwandu hakuomba. Alikuwa mnunuzi peke yake, akajipangia bei ya mbuzi. Ukoo ukikuteua msimamizi wa mirathi, mahakama ikakuthibitisha, tunapeleka maombi. Hayo mawili yanatosha."

"Na tangazo?"

"Samahani?" Constantine aliinama.

"Anasema lilitolewa shambani."

"Aa, hilo. Sheria inataka mali itangazwe palepale ilipo, kwa ngoma au kwa desturi ya mahali, ili watu wajue, waje washindane bei. Dalali ameapa kwamba alifika, ngoma ikapigwa, wananchi wengi wakahudhuria, mdai naye akiwepo. Hawa madalali wengi huapa hivyo hivyo. Ni neno lako juu ya neno lake. Liache."

"Ni siku gani hiyo?"

Akamtajia. Ilikuwa siku waliyomzika Bibi Kwandu, mkunga wa kitongoji chao cha Mwankuba, mwanamke ambaye nusu ya watu wa pale waliangukia mikononi mwake walipozaliwa. Ng'washi aliikumbuka vizuri kwa sababu asubuhi yote alibeba maji kutoka lamboni mpaka shingo ikauma.

Mwankuba pakiwa na maiti ndani, majembe hulala. Mashine ya kusaga huzimwa. Ng'ombe hauzwi, harusi haichezwi, na ngoma haiguswi mpaka marehemu afukiwe. Watu wote huenda, wanaume kuchimba, wanawake na kuni na maji. Anayeivunja desturi hiyo hutozwa mchenya, yaani mnyama wa faini, anayechinjwa na kuliwa na kitongoji kizima. Akikataa kulipa, anatengwa, na mtu aliyetengwa hasalimiwi wala hazikiwi. Siku ile ya Bibi Kwandu Mwandu hakuonekana. Alituma rambirambi na salamu kwamba yuko Nyashimo, amempeleka mgonjwa.

"Nataka tuliweke," Ng'washi alisema.

"Lipi?"

"La ngoma."

"Dada, halitakusaidia kitu."

"Najua," alisema, na safari hii Constantine hakuhitaji kuinama.

Siku ya kusikilizwa maombi Ng'washi alikodi kirikuu kuwaleta watu wa Mwankuba mjini. Alitumia mshahara wake. Shigela, mwenyekiti wa kitongoji, fundi baiskeli mwenye maneno mengi, ndiye aliyewapanga garini.

"Watu wangu wakiona gari la bure hata jela watapanda," alimwambia Ng'washi nje ya mahakama, akijipangusa vumbi. "Sasa tumekuja kufanya nini? Kutoa ushahidi?"

"Hapana, baba. Kukaa tu. Kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Baba Mwandu akijieleza."

Shigela aliacha kujipangusa. Alikuwa amemjua msichana huyu tangu akibebwa mgongoni, na hakuwahi kumwona akiomba kitu. Akawaingiza watu, wakajaza mabenchi ya nyuma, wanawake wakafungua vitenge wakafunika magoti.

Mwandu alikuwa amevaa koti. Karibu naye alikaa Kasmiri, dalali aliyeendesha mnada, mtu wa Mwanza, mwenye viatu vilivyong'aa. Kasmiri alitangulia kutoa maelezo. Alisema kila kitu kilifanyika kwa mujibu wa sheria, ngoma ilipigwa shambani asubuhi, wananchi walijaa. Aliyasema haraka, kama sala ya kabla ya chakula. Kwenye mabenchi ya nyuma watu wakatazamana.

Mwandu naye akaapa. Hakimu akamwambia Ng'washi, aliyekuwa akijisimamia mwenyewe, aulize maswali yake.

"Shikamoo, baba Mwandu."

Watu wakacheka kidogo. Hakimu akasema salamu zinabaki nje ya mlango, na mwombaji apaze sauti.

"Unasema tangazo lilitolewa shambani kwetu."

"Lilitolewa."

"Kwa namna gani?"

"Kama sheria inavyotaka. Kwa ngoma."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisimama pale kwenye minyaa."

"Ngoma uliisikia?"

"Nawezaje kusimama kando ya ngoma nisiisikie?" Mwandu alitabasamu kumwelekea hakimu. "Ngoma ile hata kiziwi aliisikia."

"Ilikuwa siku gani, baba?"

"Siku hiyo iliyoandikwa hapo."

"Ndiyo. Lakini kwa sisi wa Mwankuba, ilikuwa siku gani?"

Tabasamu lilibaki usoni, lakini lilikuwa limekosa mwenyewe. Mwandu alitazama nyuma kwa mara ya kwanza. Aliwaona wote, Shigela na kofia yake magotini, watoto wa Bibi Kwandu watatu mstari wa mbele, wanawake na vitenge.

"Swali hilo linahusu nini?" hakimu aliuliza.

"Linahusu ngoma, mheshimiwa. Akisema haikupigwa, nitakaa."

Ng'washi alisubiri. Ilikuwa njia nyembamba lakini ilikuwa njia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha wazi. Mwandu angeweza kusema haikupigwa. Angelipoteza shamba akabaki na watu. Kasmiri alimkazia macho, kwa kuwa dalali aliyeapa uongo hana kazi tena. Mwandu akashusha pumzi, akalivuta koti lake likae vizuri.

"Ilipigwa," alisema. "Nilikuwepo. Nimeshaapa."

"Asante, baba. Sina swali lingine."

Kwenye mstari wao wa mbele, mtoto mkubwa wa Bibi Kwandu aliinuka akatoka nje bila kuinama mbele ya hakimu, na hakuna aliyemrudisha.

Uamuzi ulisomwa pamba ikiwa imeanza kupasuka. Hakimu aliufuta mnada. Alisema hukumu ilikazwa juu ya mtu aliyekwisha kufa bila warithi kujulishwa, na kwamba mdai alinunua bila ruhusa, na kwa hayo mawili shamba linarudi kwa warithi pamoja na vilivyomo. Kuhusu tangazo alisema haoni haja ya kuamua. Deni lililobaki lilipwe.

"Unaona?" Constantine alimwambia nje. "Ngoma yako haikuguswa kabisa."

"Sikuileta kwa ajili ya hakimu," Ng'washi alisema.

Mama alirudi kwake siku hiyo hiyo. Pamba aliyoipanda Mwandu waliichuma wao, na kwa fedha ya pamba hiyo wakamaliza deni lote mbele ya karani wa mahakama. Ng'washi alikwenda mwenyewe kukabidhi. Alisubiri Mwandu atie sahihi ya kupokea, akamwachia na kalamu, ambayo ilikuwa ya karani, akaondoka. Njiani alicheka peke yake juu ya bodaboda, mpaka dereva akauliza kama anaumwa.

Baada ya mavuno mabua ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasipate pa kulala. Mama aliyang'oa yote. Alipofika kwenye kaburi, ambako Mwandu alikuwa amepanda mpaka juu ya miguu ya marehemu, Ng'washi alimzuia.

"Hayo acha, mayu."

"Bwana shamba atatufokea."

"Afoke. Aliyeyapanda ndiye atakayeyang'oa."

Huku kitongojini baraza lilikuwa limekwisha kukaa. Shigela alimwita Mwandu, akamuuliza kwa upole kama ni kweli aliapa kwamba alipigisha ngoma Bibi Kwandu akiwa bado amelala ndani. Mwandu akasema ya mahakamani yabaki mahakamani.

"Sawa," alisema Shigela. "Basi sema hapa kwamba ulidanganya kule, tumalize tukale."

"Siwezi kusema hivyo."

"Basi ilipigwa."

"Mimi ni mtu wa sheria, Shigela. Si mtu wa ngoma na mchenya."

Mzee mmoja alinong'ona kwamba siku ile hakuna aliyesikia ngoma yoyote. Shigela akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwenyewe ameapa. Sisi ni nani tumkatalie mtu kiapo chake?" Wakacheka sana, Mwandu akasimama katikati ya kicheko hicho akaondoka. Ng'ombe aliyetakiwa kutoa hakumtoa. Tangu siku hiyo akatengwa.

Pamba ya mashamba yake mengine ilipasuka yote kwa pamoja, ikaning'inia. Wachumaji hawakwenda. Upepo ukaichuma. Mashine ya kusaga ikawa na foleni isiyoisha kila alipofika na gunia, na lamboni ng'ombe wake wakanywa wa mwisho, maji yakiwa tope. Mkewe akaondoka kwenda kwa kaka zake Nassa akisema atarudi bwana akipata akili. Alibaki na mama yake tu, Bibi Holo, aliyekwisha kupofuka.

Ng'washi alikuwa akija kila Jumamosi. Kutoka barabarani kulikuwa na njia mbili, fupi ya kupita kanisani na ndefu ya kupita kwa Mwandu. Alipita ndefu. Mwandu alikuwa akikaa mlangoni na redio. Mara ya kwanza alimsalimu.

"Mwadila, ng'wanone."

Ng'washi, ambaye huwasalimu hata vichaa wa stendi, hakuitika. Alikaza kanga yake kichwani, akapita taratibu kama anayepita mbele ya ukuta. Jumamosi iliyofuata akapita tena. Mwandu alisalimu tena. Baada ya wiki kadhaa aliacha kusalimu, akawa anapunguza sauti ya redio tu akimwona anakuja, na Ng'washi akaona hilo ni tamu zaidi.

"Mbona unachelewa kufika siku hizi?" mama aliuliza.

"Napita kwa kule."

"Kule kuna nini?"

"Hakuna kitu, mayu. Kuna mtu amekaa."

Bibi Holo alifariki kiangazi, ardhi imekauka mpaka inalia chini ya miguu. Mwandu alipiga yowe la msiba alfajiri. Likaenda mpaka mlimani, likarudi. Hakuna mlango uliofunguliwa. Kulipokucha alikwenda kwa Shigela, akamkuta anaziba pancha. Shigela hakuinua macho. Aliongea na tairi.

"Tairi," alisema, "mtu aliyetengwa akitaka kurudi, anajua ng'ombe wa mchenya alipo. Lakini sisi wengine tunaangalia kwa Paschal. Wale ndio waliolimiwa kaburi. Wakitoka na kuni, tutatoka. Wakikaa, tutakaa."

Mwandu akaja. Ilikuwa likizo, na Ng'washi alikuwa uwanjani anapepeta choroko. Mama alikuwa ndani. Mwandu hakuvuka minyaa. Alisimama palepale alipoapa kwamba alisimama siku ya ngoma.

"Ng'washi. Mama amefariki."

Ungo uliendelea kwenda juu na chini.

"Alikupenda. Ulikuwa ukila michembe mkononi mwake, hapo kwetu, wewe ukiwa hivi." Alionyesha kwa kiganja urefu wa mtoto. "Yeye hakulima kaburi la mtu."

Ilikuwa kweli. Bibi Holo alikuwa akimchemshia viazi vilivyokaushwa, akavipondea karanga, akampa mafungu makubwa kuliko wajukuu zake. Ng'washi aliweka ungo chini. Akamtazama Mwandu machoni, na haya ndiyo maneno pekee aliyompa tangu siku ya mahakama.

"Piga ngoma, baba Mwandu. Watu watasikia."

Mwandu alisimama bado kidogo, kama mtu aliyeambiwa asubiri chenji. Kisha akaondoka.

Haukupita muda wakasikia jembe. Siku ya msiba Mwankuba jembe halisikiki, isipokuwa yale ya wachimbaji wengi yanayopokezana na vicheko vya chinichini. Hili lilikuwa moja. Lilipiga, likanyamaza, likapiga. Ardhi ilikuwa ngumu, kila pigo lilisikika kama kwenye bati. Mama alitoka ndani, akakaa kwenye kigoda.

"Unamsikia?"

"Namsikia."

"Anachimba peke yake."

"Na sisi tulifungasha peke yetu."

Jembe likapiga. Majirani walikuwa wamesimama milangoni kwao, kila mmoja anajifanya ana shughuli, macho yote yakielekea kwa Paschal.

"Imetosha, mwanangu?" mama aliuliza.

Ng'washi alilisikiliza jembe. Alijichunguza kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa chini ya godoro. Alitaka kupata kitu kingine pale.

"Bado," alisema.

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila kubisha. Hakumkemea. Aliinuka akaenda nyuma ya jiko, akafunga mzigo wa kuni, akajitwika bila kuomba msaada. Alipopita karibu na kaburi la mumewe alisimama kidogo, mzigo kichwani, halafu akavuka minyaa akashika njia ya kwa Mwandu.

Shigela alikuwa wa kwanza kumfuata, na koleo begani. Wakatoka watoto wa Bibi Kwandu. Wakatoka wanawake na ndoo. Njia ikajaa watu, wakapita mbele ya Ng'washi wote wa Mwankuba, baadhi wakimpungia mkono aungane nao, na yeye akaendelea kupepeta choroko ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata zamani. Baadaye jembe lile moja likapotea ndani ya sauti ya majembe mengi. Hakulisikia tena, na hilo lilimkasirisha.

Kaburini, udongo ukiwa bado haujatulia, Mwandu alisema mbele ya watu kwamba hapakuwa na ngoma, aliapa uongo, na ng'ombe yuko zizini, wakamchukue. Wakamchukua. Akasamehewa.

Jioni Shigela alikuja na baiskeli yake. Aliiegemeza ukutani, akasalimu, akauliza habari za mjini, akauliza habari za watoto wa shule. Ng'washi akamrahisishia.

"Sema tu, baba."

"Hatukukuona msibani."

"Sikuja."

"Ulikuwa unaumwa? Mtu akiumwa haina neno." Alikuwa anamfungulia mlango, kama yeye alivyomfungulia mwingine mahakamani.

"Sikuwa naumwa. Mbuzi wa mchenya ni yule mweupe. Kamba iko kwenye mti."

Shigela akacheka, kisha akaacha. "Ng'washi, wewe ni mtu wa ajabu. Tulidhani unajua kulia tu."

"Ni bei ndogo, baba."

Mchenya huliwa na wote, na anayetozwa ndiye anayepakua, ili kila mtu apokee mkononi mwake. Siku ya pili yake walikusanyika uwanjani kwa Shigela. Ng'washi alishika upawa. Walipita mmoja mmoja na sahani, wakamtania kwamba mbuzi wa mwalimu ana nyama laini kwa sababu ya kusoma. Mwandu alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kichwa kimenyolewa kwa msiba, mikono imefungwa vitambaa kwa malengelenge ya jembe. Ilipofika zamu yake alisimama mbele ya Ng'washi, akanyoosha sahani.

Ng'washi alimpakulia. Hakumpunja, alimpa nyama kama ya wengine, na mchuzi.

"Wabeja, ng'wanone," Mwandu alishukuru.

"Kuna pamba yako kwetu," Ng'washi alisema. Hakunong'ona. Sauti ilifika mpaka kwa watoto waliokuwa wakigombea mifupa. "Iko kwenye miguu ya baba. Njoo uing'oe."

"Nitakuja."

"Kwa mikono."

Mwandu alitazama vitambaa vilivyofunga viganja vyake. Watu wote walivitazama.

"Kwa mikono," alisema.

Alikuja asubuhi. Mabua ya pamba ya kiangazi yana mizizi mirefu, na ardhi ilikuwa imeshikilia kila mmoja kama meno. Alipiga magoti akaanza upande wa miguu, akivuta, akipumzika, akivuta. Ng'washi alitoa kigoda akakiweka mlangoni. Alikaa, mikono magotini, akatazama kila bua likitoka. Jua lilipopanda mama alimpelekea Mwandu kata ya maji. Ng'washi hakumzuia mama yake, wala hakugeuka kumtazama. Alikuwa ameona bua moja lililokatikia ardhini, mzizi ukabaki.

"Na huo, baba," alisema.

Mwandu aliweka kata chini, akaanza kufukua kwa vidole.